Kidole Gumba Kwenye Mshono

Ukimpelekea Fundi kochi, hakuulizi limeharibika nini. Kwanza analipindua miguu juu, anainama, anapitisha kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye mshono wa chini, ule ambao mwenye kochi hajawahi kuuona tangu alinunue. Hapo ndipo anapomjua fundi aliyemtangulia. "Huyu alikuwa na haraka," atasema. Au, "Huyu siku hiyo alitoka nyumbani hajapatana na mkewe." Wateja hucheka, yeye hacheki, maana hatanii. Miaka thelathini na mbili ya kushona makochi imemfanya aamini kwamba uso wa mtu unadanganya, mdomo ndio usiseme, lakini mshono wa chini haujui kudanganya. Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna mlango mpana wa mbao, nyuma kuna dirisha dogo ambalo halijafunguliwa miaka mingi kwa sababu limezibwa na sponji zilizorundikwa mpaka darini. Katikati kuna meza ya kukatia vitambaa, iliyojaa mistari ya chaki ya rangi zote, na cherehani mbili nzito ambazo zikiendeshwa pamoja lazima watu wazungumze kwa kupiga kelele. Harufu ya gundi imo ndani ya kuta. Wageni hukohoa wakiingia, Fundi haisikii kabisa, gundi ilishaiua pua yake zamani. Mkewe anapenda kuwasimulia watu kwamba siku moja aliunguza sufuria nzima ya chakula, majirani wakaja mbio kuuliza kama kuna moto, na mume wake akala, akashukuru, akaomba aongezewe. Fundi hujibu kwamba hiyo ndiyo siri ya ndoa yao kudumu.

Nimeitaja pua kwa sababu. Mtu mwenye ndugu mlevi huishi kwa pua yake, na Fundi hakuwa nayo.

Mdogo wake ni mtoto wa mwisho kwa mama yao. Nyumbani walimwita Kitinda, na jina likamganda mpaka leo ana mvi kidevuni. Fundi alimzidi miaka kumi na miwili. Baba yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlisha, akamsomesha, akamkalisha kwenye kigoda cha karakana na kumfundisha kazi. Kitinda alikuwa na mkono ambao haufundishwi, mtu huzaliwa nao. Sindano ile iliyopinda, ambayo wanafunzi wengine hujichoma nayo mwezi mzima, yeye aliizoea kwa siku mbili. Alipofikisha miaka kumi na tisa alimaliza kochi lake la kwanza peke yake, kubwa, la watu watatu, na Fundi alipolipindua hakuona pa kusema neno. Furaha ikampanda kichwani. Akaenda dukani akarudi na chupa, akamimina glasi mbili. "Leo umekuwa fundi," akamwambia. "Kunywa."

Fundi alikunywa yake, akalala, asubuhi akaamka na shughuli zake. Mpaka leo pombe haimsumbui, inaweza kukaa kabatini mwaka mzima na asikumbuke iko wapi. Kitinda hakuumbwa hivyo. Glasi ile hajawahi kumlaumu nayo kaka yake hata mara moja, pengine hata haikumbuki. Fundi anaikumbuka vizuri, ilikuwa ya kijani na ilikuwa na ufa ukingoni.

Pombe ikaleta vidonge, vidonge vikaleta unga. Karibu miaka ishirini ilikwenda hivyo. Siwezi kuisimulia yote, na hata ningeweza, nani hajawahi kuona? Itoshe kusema kwamba safari moja Kitinda alichukua kitambaa cha mteja, mwalimu mkuu mmoja mwenye makochi sita, akakipeleka kusikojulikana. Kwa miezi miwili mwalimu mkuu alipita karakana kila siku akitoka kazini, akasimama mlangoni kutazama makochi yake yakiwa mifupa mitupu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakuwahi kutukana. Fundi anasema afadhali angetukana. Katika miaka hiyo mke wa Kitinda alivumilia hadi akachoka, akamchukua binti yao wa miaka saba, akaondoka.

Mara ya tatu alipopelekwa nyumba ya matibabu ndipo alipokaa. Alikaa miezi sita, akatoka amenenepa mashavu, anaongea polepole. Pale kulikuwa na mama mmoja mshauri, mwenye sauti ya chini na miwani iliyoshuka puani, na siku ya kumtoa alimkalisha Fundi pembeni.

"Kaka mtu," alimwambia, "unakwenda kuishi naye na kufanya naye kazi. Nakuomba kitu kimoja. Usiwe askari wake. Ukiwa na wasiwasi, muulize. Akikujibu, msikilize. Basi."

"Nimekuelewa, mama," Fundi akasema, kwa uso uleule anaowapa wateja wanaotaka kochi lao Ijumaa.

Akamrudisha karakanani. Na tangu siku ya kwanza, kila jioni Kitinda akishaondoka kwenda kuoga, Fundi alibaki nyuma, akapindua kochi ambalo mdogo wake alilifunga siku hiyo, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Alikuwa anaujua mkono wa Kitinda akiwa ameonja kitu. Mishono ilikuwa ikitembea, mara inakaribiana, mara inaachana, mara inapanda juu ya ukingo wa mbao kama inatafuta njia. Sasa ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula. Fundi alisimama pale, kidole kikienda na kurudi, machozi yakimlengalenga. Angeweza kumuuliza tu, "Mdogo wangu, leo imekuwaje?" Hakuuliza. Kwa nini aulize, na jibu analo mkononi?

Kitinda alijua? Alijua, tena tangu wiki ya kwanza. Kochi lililopinduliwa na kurudishwa halikai palepale, na yeye ni fundi. Alinyamaza. Aliona ni haki ya kaka yake, kwa yote aliyomtenda.

Binti yake alirudi mwaka wa pili. Wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini, anafanya kazi duka la madaftari na kalamu, ana macho makavu ya mtu aliyedanganywa sana utotoni. Hakuja kwa baba yake, alikuja kwa Fundi.

"Baba mkubwa," alisema, "nataka kumwona baba. Lakini siku akirudia sitaki kumkuta. Nilimkuta mara nyingi nikiwa mdogo, imetosha. Bibi alikuwa ananificha, ananiambia anaumwa malaria. Wewe utaniambia ukweli?"

"Nitakuambia."

"Hata kama ni ukweli mbaya?"

"Hata kama."

Wakawekeana utaratibu. Kila Jumamosi saa kumi alasiri simu ya Fundi ililia. "Shikamoo baba mkubwa. Kesho nije?" Naye alijibu, "Marahaba, mwanangu. Njoo. Mishono imenyooka." Yule binti alikuwa hajui kushona hata kifungo, lakini aliposikia hivyo alicheka, na Jumapili alikuja. Alikaa na baba yake barazani kwa saa mbili, wakaongea mambo ya hali ya hewa na bei ya daftari, kisha akaenda zake. Hawakukumbatiana. Mwaka wa tatu wakaanza kukumbatiana. Mwaka wa nne binti akaolewa, akajifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo hakuja naye hata siku moja. Alimwacha kwa mama yake mzazi. Kitinda alioneshwa picha kwenye simu.

"Ukitimiza miaka minne kamili," binti alimwambia baba yake, "nitakuletea umshike."

Miaka minne ilikuwa inatimia Jumapili ya mwisho ya mwezi ule. Kitinda hakuwa mtu wa kusema. Ila alichukua vipande vya sponji vilivyobaki, akachagua kitambaa laini cha rangi ya maji ya kunde, akaanza kushona kigodoro cha mtoto, urefu wa mkono mmoja. Alishona, akafumua. Akashona tena, akafumua tena.

Na wakati huohuo mishono yake ikaanza kutembea.

Mara ya kwanza Fundi alidhani kidole ndicho kimechoka. Akarudia. Hapana, palikuwa na mahali uzi ulikwenda kando, pembeni kabisa, kidogo tu, mteja asingeona hata angepewa tochi. Kesho yake pakawa pawili. Wiki iliyofuata Kitinda akahamisha kigoda chake kutoka ndani akakiweka mlangoni. "Mwanga, kaka," alisema bila kuulizwa. Fundi akasema moyoni, mwanga! Miaka yote hii mwanga ulikuwa wapi? Alijua mlangoni ndipo watu wanapopita, na wanaouza vitu vile hupita. Kisha Kitinda akawa anashika kichwa jioni. Macho yakawa mekundu. Alipewa karatasi ya vipimo vya kochi, akaishika mbali, akakunja uso, akasema, "Nisomee wewe, kaka, maandishi yako siku hizi yamekuwa ya kuku." Fundi akacheka, akamsomea.

Siku hizo zote Fundi alikuwa na miwani yake shingoni, imefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea ngozi. Alipimwa akiwa na miaka arobaini na miwili, na kabla ya hapo alishona makochi matatu mabaya kuliko yote maishani mwake. Kitinda alikuwa na arobaini na tatu. Mambo hayo mawili yalikuwa kichwani mwake, na hayakukutana. Akili ya mtu aliyewahi kuumwa na jambo moja huliona jambo hilohilo kila mahali. Simtetei, ila nasema ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya Jumapili ya miaka minne, Kitinda alitoka alasiri kwenda kununua uzi. Fundi akalipindua kochi. Mshono wa kufungia, ule wa chini, ulikuwa mbovu, wa aibu, umepanda umeshuka. Akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka minne: akafungua mkoba wa mdogo wake uliokuwa umening'inia kwenye msumari. Ndani kulikuwa na fulana safi, kitabu kidogo cha kikundi chao cha walioacha pombe na unga, kinachokutana kila Alhamisi, na vidonge. Vilikuwa vya maumivu ya kichwa, vya kawaida, vinauzwa kila duka. Fundi aliviona kwamba ni vya kawaida. Akajiambia kwamba na zamani vilianza vya kawaida.

Saa kumi simu ikalia.

"Shikamoo baba mkubwa!" Sauti ilikuwa ya furaha, nyuma yake mtoto alikuwa analia. "Nimeshamnunulia gauni. Kesho tuje saa ngapi?"

Fundi hakuitikia. Alikuwa amesimama katikati ya karakana, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umerudi kwenye mshono.

"Baba mkubwa?"

"Kesho msije, mwanangu."

Akasikika akimbembeleza mtoto.

"Amerudia?"

Hapa ndipo Fundi anapoparudia kila siku. Angeweza kusema, sijui. Angeweza kusema, ngoja nimuulize, nitakupigia. Kitinda alikuwa umbali wa maduka matatu, anachagua uzi. Ilikuwa ni kusubiri robo saa. Lakini aliahidi ukweli, na ukweli alidhani anao chini ya kidole.

"Ndiyo," akasema.

Binti hakulia. Alisema, "Asante kwa kuniambia," na simu ikakatika.

Jumapili Kitinda aliamka mapema, akafagia baraza, akamwagia maji vumbi lisitimke. Akapiga pasi shati jeupe. Akaketi. Shemeji yake, mke wa Fundi, alimtania kutoka jikoni, "Shemeji, leo umekaa kama bwana harusi!" Yeye akatabasamu, akanyoosha kola. Fundi alijifungia chumbani akisema kichwa kinamuuma. Saa nne ikapita, saa sita, saa nane. Kitinda alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Saa kumi na moja akavua shati, akalikunja vizuri kwa mikunjo yake ya pasi, akaliweka juu ya kiti, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kufungua mlango wote wa karakana, alimgeukia kaka yake.

"Kaka, umeongea na mwanangu?"

"Nimeongea naye."

"Ulimwambia nini?"

Fundi alikuwa ameshajiandaa usiku kucha, na maneno yote yakamtoroka. "Nilimwambia umerudia."

Kitinda aliuacha mlango nusu wazi. Kisha akaja karibu, karibu kabisa, uso kwa uso, akafungua kinywa akapumua.

"Ninuse," akasema. "Ninuse, kaka!"

Fundi alivuta hewa. Hakusikia kitu. Asingesikia kitu hata mdogo wake angekuwa ameoga pombe. Walisimama hivyo, mmoja anapumua, mwingine ananusa bure, na Kitinda ghafla akakumbuka pua ya kaka yake. Akacheka, kicheko kifupi kibaya, akatoka.

Alirudi mchana na karatasi. Alikuwa amekwenda nyumba ya matibabu, amemkuta yule mama mshauri, amemwomba wampime kila kinachopimika. Akaiweka karatasi mezani juu ya mistari ya chaki.

"Soma."

Fundi akavaa miwani yake, akasoma. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mistari sita, yote hakuna.

"Inasema nini?" Kitinda akauliza. "Nataka unisomee. Mimi nimeshindwa. Nimeishika mbali, nimeishika karibu, naona sisimizi tu."

Fundi akainua macho. Nadhani alielewa hapo hapo, lakini mdogo wake hakumwachia aelewe kwa urahisi. Alinyoosha mkono akaivua miwani kutoka usoni kwa kaka yake, uzi ukapita masikioni, akaivaa yeye. Akachukua sindano iliyopinda, akatunga uzi mara moja tu. Akavuta kochi lile lile bovu, akafumua mshono wote, akaanza upya. Fundi alisimama bila miwani, haoni vizuri, anasikia tu uzi ukipita kitambaani, sauti moja, mwendo mmoja. Ilichukua kama nusu saa. Alipomaliza, Kitinda akalisogeza kochi mbele yake.

"Haya, pitisha kidole."

"Mdogo wangu..."

"Pitisha kidole, kaka. Si ndivyo tunavyoongea mimi na wewe?"

Fundi alipitisha. Ulikuwa umenyooka kama wa yule kijana wa miaka kumi na tisa.

"Kwa nini hukuniambia macho yanakusumbua?" Fundi akauliza.

"Ningekuambia nini? Kwamba mshono umepinda lakini sijanywa, ni macho tu? Ungeniamini?"

Fundi alitaka kusema ndiyo. Alishasema ndiyo moja Jumamosi, ya pili ilikataa kutoka.

"Nilikuwa nakazana mpaka Jumapili ipite," Kitinda akasema. "Nimshike mjukuu wangu kwanza. Halafu nikapimwe."

Akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Akavua na aproni, akaikunja kama alivyolikunja shati. Mkoba wake akaukagua mbele ya kaka yake, akakuta vidonge vimewekwa upande ambao si wake, akatikisa kichwa, akaufunga. Kigodoro kilibaki kwenye rafu.

Fundi alimpigia binti siku hiyohiyo. "Mwanangu, nilikosea. Baba yako hajanywa. Ni macho. Ana karatasi ya vipimo."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

"Baba mkubwa," binti akasema mwishoni, taratibu, wala hakuwa na hasira, "sasa nitajuaje umekosea lini? Jumamosi au leo?"

"Leo nasema kweli."

"Na Jumamosi ulisema kweli. Bibi naye alikuwa anasema kweli. Kila siku malaria."

Mtaa mzima ulisubiri Kitinda aanguke. Watu wana roho ngumu, walikuwa wanaulizana dukani, bado? Hata Fundi alisubiri, akiomba Mungu huku amekaza meno, na alipogundua kwamba anasubiri alijichukia. Kitinda hakuanguka. Alipanga chumba upande wa pili wa soko, karibu na kikundi chake. Akapata kazi kwenye gereji ya pikipiki, anashona viti. Akapimwa macho, akapewa miwani. Miezi mitano binti hakumpigia simu. Mwezi wa sita alikwenda mwenyewe, Alhamisi moja, akakaa mstari wa nyuma kwenye kikao cha kikundi, akamsikia baba yake akiongea mbele za watu kwa dakika kumi. Hakumuuliza mtu yeyote kama aje. Wiki iliyofuata akaenda tena.

Habari hizo Fundi alizipata kwa mkewe, aliyezipata sokoni. Jumamosi saa kumi simu haikulia tena. Kwa muda mrefu aliendelea kuiweka juu ya meza saa hiyo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na cherehani zimezimwa. Alichokiomba kwa miaka yote kimetimia: mdogo wake amepona, baba na binti wamepatana. Yeye tu hayumo. Mkewe alimwambia, "Nenda kamwombe radhi, unangoja nini? Au unataka akuletee radhi nyumbani uitie sahihi?" Fundi alisema atakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuja mara nne.

Alikwenda ilipokaribia mwaka, asubuhi, amevaa vizuri, na kigodoro kimefungwa kwenye gazeti. Gereji ilikuwa uwanja wa wazi wenye paa la mabati upande mmoja. Kitinda alikuwa chini ya paa, kigodani, miwani yenye fremu nyeusi imeshuka puani kama ya yule mama mshauri, kiti cha pikipiki mapajani. Na karibu naye, ameshikilia tairi kwa mikono miwili, alikuwa amesimama mtoto wa kike aliyevaa gauni. Fundi alitazama huku na huku amtafute mama yake. Hakuwepo.

"Ameenda kazini," Kitinda akasema. "Jumanne na Alhamisi nakaa naye mimi. Shikamoo kaka."

"Marahaba." Fundi hakujua aangalie wapi. Mtoto peke yake na babu yake, asubuhi nzima, na hakuna aliyepigiwa simu kuulizwa.

Akapewa kigoda, akakaa. Akafungua gazeti. "Nimekuletea hiki. Ulikisahau."

Kitinda alikitazama kigodoro, akamtazama mtoto, akatabasamu kidogo. "Ameshakua, kaka. Hata miguu haienei. Nilimshonea kingine." Hakusema kwa ubaya. "Lakini asante."

"Nimekuja kukuomba radhi," Fundi akasema, kigodoro bado mapajani. Maneno sasa yalikuja, yote, aliyoyatunza kwa mwaka mzima. Alisema alikosea. Alisema hata kama mshono ungekuwa wa pombe, alipaswa kumuuliza yeye kwanza, mdomo kwa mdomo, kama ndugu. Alisema habari ya glasi ya kijani, ile aliyoimimina mwenyewe, ambayo hajawahi kuisema kwa mtu. Alisema kila jioni aliyopindua kochi alikuwa anajikagua yeye kama ameshasamehewa. Alisema, "Nakuamini, mdogo wangu. Wallahi nakuamini. Sitakukagua tena maishani."

Kitinda alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama mapajani.

"Kaka," akasema kwa upole.

"Naam."

"Mkono wako."

Fundi akainamisha kichwa. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kwenye kigodoro, kwenye mshono wa kufungia, kimeshapita upande mmoja wote na kiko kwenye pembe, kinageuka kurudi. Hakujua kilianza saa ngapi.

Hakukiondoa. Kilikuwa kama si chake. Mtoto aliachia tairi, akapiga hatua mbili, akamshika babu yake goti, na Kitinda akamwinua akamweka mapajani bila kuondoa macho kwa kaka yake.

"Haya," akauliza, "umenyooka?"

Kidole cha Fundi kilifika mwisho wa mshono. Jibu alikuwa nalo: umepinda mahali patatu, na pa mwisho ni karibu na pembe.